Malindi mimi wa Gede, Gede mimi wa Malindi

Dukani ninakofanya kazi, Malindi, naitwa Mama Gede. Jina sikujipa. Siku yangu ya kwanza nilichelewa robo saa, tajiri akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Gede, kijiji cha njia ya Mombasa, akashika kichwa kama mtu aliyetajiwa Garissa. Wapakizi wa saruji walikuwa wamesimama pale pale, na kwa wapakizi hakuna neno linaloanguka chini. Kufika adhuhuri nilishakuwa Mama Gede. Leo hata anayekuja kununua misumari robo kilo huambiwa, "Nenda kwa Mama Gede akuandikie risiti."

Jioni narudi kwangu. Shuka steji ya Gede uniulizie, utamwona mtu akifikiri kidogo, kisha: "Aa, unamtaka yule wa Malindi?"

Nimelala Gede kila usiku tangu 2014. Nasema usiku kwa makusudi.

Kuhama kwenyewe hakuna kisa kikubwa. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Maweni, mwenye nyumba akapandisha kodi mara mbili kwa mwaka mmoja, na mume wangu alikuwa na robo ekari aliyopewa na babake huku kwao: minazi saba, mwembe mmoja wa ngowe na banda la mbuzi lisilo na mbuzi. Yeye ni fundi wa kuezeka makuti. Kazi zake nyingi ziko kwenye mahoteli ya Watamu, na Watamu kutoka Gede ni mwendo wa baiskeli. Kwa hiyo yeye alisogea karibu na kazi yake, mimi nikasogezwa mbali na yangu. Hesabu hiyo niliipiga baadaye, na karani ndani ya nyumba ni mimi.

Mimi mtoto wa Shela ya Malindi, uchochoro ambao ukipiga chafya unajibiwa kutoka nyumba ya tatu. Nilikuja Gede nikiogopa nyoka. Nyoka nimewaona wawili miaka yote hii, na mmoja alikuwa ameshakufa. Kilichonishughulisha ni giza.

Duka letu hufunguliwa saa moja kamili, kwa kuwa mafundi hutaka saruji kabla jua halijapanda. Sharti nipande gari la kwanza, saa kumi na mbili kasorobo. Jioni tunafunga saa kumi na mbili, nangoja gari lijae, na gari la jioni hujaa kwa maringo. Nikifika nyumbani ni saa moja na nusu, pengine mbili. Pwani yetu jua halina mchezo wa kuchelewa: mwaka mzima huchomoza karibu na saa kumi na mbili na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Hivyo siku sita kwa wiki naondoka gizani, narudi gizani. Gede yenye mwanga naipata Jumapili tu, na Jumapili nafua.

Kutoka kwangu hadi barabara kuu ni dakika kumi za mchanga. Navaa kandambili, viatu vya kazi viko mkobani, pindo la buibui nimelikunja kwa sababu ya umande, tochi mkononi. Karibu na steji kuna mkwaju. Chini yake nafuta miguu kwa kitambaa, nabadilisha viatu, nashusha buibui, na hapo ndipo ninapokuwa mtu wa ofisi. Jioni nafanya kinyume chake. Mwezi wa Mei mvua ikikolea, mchanga hugeuka uji, na nimeshawahi kufika dukani na kandambili moja, ya pili ikabaki kwenye tope karibu na nyumba ya mwenye mbuzi. Mbuzi waliitafuna.

Gari la kwanza ni nisani ya abiria 14, ingawa siku za soko sijawahi kuhesabu nikaishia 14. Nafasi yangu ni nyuma ya dereva, dirishani, dirisha ambalo halijafunga tangu nilijue. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hulala kutoka steji hadi Msabaha na kuamka mwenyewe pasipo kuguswa. Kijana kinyozi hukaa mlangoni akipepesuka. Nyuma kabisa hukaa mama mmoja mwenye magunia ya mchicha na mtsunga anayoyapeleka sokoni Malindi. Hukaa nyuma ili alisikie gunia likitaka kuanguka. Wakati wa maembe, kuanzia Novemba hivi, magunia huwa mengi kuliko watu na gari zima hunuka ngowe mbivu. Wapo na wauguzi wanaokwenda kupokea zamu, na wanafunzi wawili wanaokariri kwa midomo bila sauti. Nilipoanza, nauli ilikuwa shilingi 50. Sasa ni 100, na shule zikifunguliwa makanga hutazama juu akasema 150 kama mtu anayeisoma mawinguni.

Ukikuta mgeni kakalia nafasi yako, humwambii kitu. Unasimama mlangoni ukimtazama kwa adabu mpaka makanga aingilie.

Redio ya gari lile huwa imezimwa kwa sababu mama wa mchicha anatosha. Nani kajifungua, nani kauza mbuzi wa mahari, nani kagombana na mkewe hadi kuku wakatoka bandani, yote nayapata kati ya steji na uwanja wa ndege wa Malindi. Ilinichukua muda kuona kioja kilichopo: habari za Gede nilikuwa nazisikia nikiwa nimeipa Gede mgongo.

Na za pili nazipata dukani. Kila anayeagiza mzigo wa kupelekewa, mimi ndiye ninayeandika mahali pa kushushia. Zamani lori letu lilikuja Gede mara moja kwa mwezi, likiwa na mabati kidogo na mifuko kumi ya saruji. Siku hizi haipiti wiki bila kuja. Wamo watu wa Nairobi wanaonunua viwanja na kuanza na ukuta kabla ya msingi wa nyumba, na wamo vijana wetu wenyewe wanaofanya kazi Malindi na Watamu, wanaojenga chumba kimoja kimoja. Najua jirani yangu anaezeka bafu kabla mkewe hajajua. Lakini hilo bafu lenyewe sijaliona.

Nikiwalaumu watu wa Malindi kwa kuiona Gede mbali, nakumbuka Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Wareno wakakaa pale hadi 1593 walipohamishia makao yao Mombasa, na katika maandishi yao tunayoyajua hawakuutaja mji wa Gede, ule ambao leo ni magofu. Mji wenye kasri, msikiti mkuu, ukuta, vyoo ndani ya nyumba, kaburi lililochongwa tarehe ya mwaka wa Hijra 802, yaani 1399. Kilomita 15 tu! Wanahistoria jambo hili huwashangaza. Mimi halinishangazi. Kuna mwenzangu pale kaunta, umri wake wa kuwa nyanya, mzaliwa wa Malindi, ambaye Gede huijua kwa dirisha la basi la Mombasa.

Julai 2024 UNESCO ilipoyaingiza magofu yetu katika orodha ya Urithi wa Dunia, tajiri aliniita ofisini, simu mkononi. "Mama Gede, kumbe kwenu ni mahali!" Nikamwambia basi mshahara nao uingie kwenye orodha. Akacheka. Kicheko ndicho nilichokwenda nacho nyumbani.

Wazee hupenda kubishana kwa nini mji ule ulihamwa. Wengine husema vita, wengine husema maji yalizama, na ukienda utaonyeshwa kisima cha msikiti mkuu ambacho wenyewe walikichimba wakakizidisha kina. Mimi niko upande wa maji. Maji yetu, kama ya Malindi, yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki, na mfereji ukikauka siku nne utawaelewa wale watu bila kuelezwa na mtu. Nimeshapanda gari la jioni na dumu la lita kumi mapajani, maji ya dukani. Makanga alitaka kulitoza nauli.

Sasa nimtaje mavyaa, mamake mume wangu, kwa maana nisipomtaja atajua.

Mavyaa anafuga vipepeo. Aliyeko mbali akisikia hucheka, lakini si mchezo. Mwaka 1993 ulianzishwa hapa mradi wa Kipepeo, ofisi yake iko pale kwenye lango la magofu, ili watu wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wapate riziki na msitu usimame. Mavyaa ana kibanda cha neti nyuma ya jiko. Kipepeo hutaga, mayai hutoa viwavi, na kila aina ya kiwavi ina jani lake. Wale wa mlimau ukiwapa jani jingine wanakutazama tu. Wakishajifunga wakawa pupa, anawabandua mmoja mmoja kwa vidole ambavyo kwa kitu kingine chochote, nikiwemo mimi, si vyepesi namna hiyo. Anawapeleka ofisini. Aliyepinda hukataliwa. Waliopita huhesabiwa, hufungwa vizuri na kupelekwa Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio kuwaona wakitoka. Yote hayo hufanywa mbio mbio, kwa sababu pupa hangoji. Siku zake zikitimia atatokea hata kama yuko ndani ya sanduku la posta.

Nilipomwambia jina lao kwa Kiswahili chetu ni neno la haraka na tamaa, alinitazama kutoka kandambili hadi mkoba wa kazi. "Basi pupa hapa ni wewe, mkaza mwanangu. Na hao wangu wanafika Ulaya wewe ungali unangoja gari lijae."

Anagombana pia na kima. Wanatoka magofuni, wanavuka kwa miti, wanakuja kwenye mwembe wetu. Yeye huwasemesha kwa majina ya jamaa zake aliokosana nao. Ugomvi huo niliujua kwa kusimuliwa, kama mengine yote, mpaka mwaka 2021.

Mwaka huo mume wangu alianguka kutoka juu ya paa. Kamba ya boriti iliteleza, akashuka na makuti yake, akavunjika mguu mahali pawili. Nikaomba ruhusa wiki tatu. Ndiyo mara ya kwanza nikaiona Gede saa nne asubuhi siku ya Jumanne.

Sijui nilidhani nini. Labda nilidhani tukiondoka sisi wa gari la kwanza kijiji hulala mpaka turudi. Kumbe ndiyo kwanza kinaamka. Kuna mzee hupita saa tatu akiuza muhogo wa kuchemsha, na nilikaa miaka saba bila kujua yupo. Kuna saa ya wanawake kwenda mfereji, na saa hiyo ndiyo baraza lao. Kuna utulivu wa saa nane, jua la utosi limeshapita, hata kima wamelala, unasikia nazi ikianguka kwenye shamba la tatu. Barabara kuu, ambayo mimi ndiyo Gede yangu, kutoka ndani huku husikika kama nyuki tu.

Siku ya pili walikuja watoto wa jirani wakasimama kwenye ua wa makuti, wananitazama. Mdogo wao akamvuta dadake. "Huyu ndiye yule mwenye tochi."

Majirani walikuja kumtazama mgonjwa. Hawakuongea sana. Shangazi mmoja wa mume wangu, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, alikuja kila siku ya Mungu na kipande cha muhogo au kikombe cha uji, akakaa saa nzima, akaondoka. Huyu shangazi nina deni naye, nitalieleza sasa hivi. Jumapili ya pili walikuja watu wa gari. Gari lenyewe liliingia njia ya mchanga, likakwama, wakashuka: dereva, makanga, mwalimu wa usingizi akiwa macho kabisa, kinyozi, wauguzi, na mama wa mchicha mbele na kilo mbili za sukari. Majirani wakatoka. "Hawa ni nani?" Nikasema ni wenzangu wa gari. Shangazi akamkazia macho mama wa mchicha. "Wewe si ndiye unayekaa nyuma ya msikiti?" Ndiye. Nyumba yake na yangu haziachani shamba mbili. Miaka saba tumekaa kiti cha mbele na cha nyuma, na ardhini hatujapata kukutana.

Deni lenyewe ni hili.

Tulipohamia tu, alikuwako mzee mmoja mkwezi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Sijui nilimwona mchana mara ngapi, pengine tano. Lakini miezi ile ya mwanzo kila nikirudi nilikuta dafu mlangoni, limeshakatwa kichwa, limefunikwa kwa kipande cha kifuu wadudu wasiingie. Hakubisha hodi. Nilidhani ni la mume wangu, mume wangu akasema, "La, ni la mgeni."

Alifariki siku ya Jumanne. Mwislamu huzikwa siku ile ile, na mimi habari nilizipata kwenye gari la jioni, wakati alipokuwa ameshalala kaburini tangu alasiri. Usiku ule ule nikatuma shilingi 500 kwa M-Pesa kwa kijana anayeshika daftari la matanga, nikaandika chini yake "Makiwa". Kulikuwa na mengine kabla yake, nayo nilituma vivyo hivyo. Kwa majirani Wagiriama wasio Waislamu, hanga lao, yaani matanga, huchukua siku, kwa hiyo naweza kubahatisha Jumapili. Kwa mazishi ya Kiislamu mwenye kurudi saa mbili usiku huwa hana lake.

Jumapili nikaenda kwa mjane. Shangazi alikuwa amekaa naye mkekani. Akaniitikia salamu, akanipa nafasi, kisha akasema polepole, bila hasira, kama mtu anayesoma risiti: "Pesa yako tuliiona, mwanangu. Wewe ndiye hatukukuona."

Mimi kazi yangu ni hiyo. Mteja analipa, mzigo hauchukui, unabaki stoo unaandikiwa kila mwisho wa mwezi: imelipwa, haijatoka. Nilikaa pale mkekani nikijua hasa ninavyosomeka.

Kijana wa daftari alikuwa nje. Nikamwomba nilione jina langu, kwa tabia tu ya karani. Ni daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Kwa kuwa majina ya kwetu yanajirudia, kila jina lina mahali pake pembeni: wa kisimani, wa mkwajuni, wa nyuma ya msikiti. Langu, 500, na pembeni: wa Malindi.

"Mimi nakaa pale," nikamwonyesha paa letu.

"Najua, mama. Lakini mchana uko Malindi, na daftari huandikwa mchana."

Nilitaka kumjibu. Nikatafuta jibu mpaka nikafika nyumbani.

Sitasema baada ya hapo nilibadilika. Nilijaribu. Nilimwomba tajiri tubadilishane, Jumamosi moja kwa siku moja ya katikati ya wiki kukitokea msiba, akakubali mara mbili, ya tatu akauliza kama huko Gede watu wanakufa kwa zamu. Simlaumu kupita kiasi. Mwezi huo walikuwa wanne kweli. Nikarudi kwenye M-Pesa. Wenzangu wa gari nao hali yao ni hiyo hiyo. Kuna jioni tuliposhuka wote steji tukaenda moja kwa moja kwenye matanga, saa mbili usiku, kundi la watu na mifuko ya mboga na tochi za simu, wenyeji wakadhani kumetokea jambo jingine.

Mwaka huu, wiki ya mwisho ya mwezi, shangazi akafariki.

Nilikuwa nimeshafika kwenye mkwaju. Kiatu kimoja nimeshavaa, cha pili kiko mkononi, gari linawaka taa. Mama wa mchicha hakupanda. Alikuwa amesimama kando na magunia yake chini, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akaniambia ni saa tisa za usiku, amekata roho vizuri, anazikwa baada ya adhuhuri. Makanga akauliza, "Twende au vipi?"

Wiki ya mwisho ya mwezi ni hesabu ya stoo. Nilipiga simu hapo hapo. Tajiri alipokea kwa sauti ya mtu aliyefunikwa shuka, nikamwambia nimefiwa, akauliza na nani, nikasema shangazi wa mume, akanyamaza kidogo. "Huyo si mzazi wako." Nikamwambia leo atanikata mshahara wa siku, akasema haya. Ndivyo ilivyokwenda, sikusema neno la ushujaa. Gari likaondoka na mwalimu na kinyozi na magunia ya mchicha peke yake. Sokoni yalipokelewa na mwanawe.

Nikavua kile kiatu kimoja.

Nilikaa upande wa masufuria. Mchele wa watu wengi huchaguliwa mawe mapema, tukawa wanawake kumi hivi kwenye mkeka mmoja na sinia katikati. Hakuna aliyenishangaa kwa sauti. Mavyaa alikuwa jikoni anaamrisha, vipepeo wake kawaachia wajukuu. Waliniachia nazi nikune, nikakuna ishirini na tatu, mbuzi ya kukunia ikaniacha na kidonda kwenye kidole cha gumba. Adhuhuri jeneza likapita mbele yetu, wanaume wakalifuata, sisi tukabaki na ule ukimya ambao ndani yake unasikia kila mtu anavyovuta pumzi. Mama wa mchicha alikuwa karibu yangu. Tulikuwa hatuna cha kupeana habari, kwa kuwa habari ilikuwa mbele yetu.

Baada ya chakula akaja kijana wa daftari. Sasa ni mwanamume mwenye ndevu, lakini daftari ni la aina ile ile, na jedwali lake nyuma. Alikuwa anapita mkeka kwa mkeka. Nikampa 500, mkononi. Akaandika jina langu, akashuka pembeni na kalamu, akaanza "wa Ma", akasimama. Alinitazama, akatazama jua.

"Sasa nikuandike wa wapi?"

Kabla sijajua la kusema, bibi mmoja aliyekuwa anasugua masufuria akajibu bila kuinua kichwa: "Mwandike wa gari la kwanza."

Watu wakacheka, kicheko cha matanga, cha kuzuia na kanga mdomoni. Yeye akakata ile "Ma", akaandika hivyo hivyo alivyoambiwa. Kisha akamgeukia mama wa mchicha, naye akaandikwa vilevile, ingawa alilalamika kwamba yeye miaka yote ni wa nyuma ya msikiti na hana haja ya kuhamishwa uzeeni.

Kesho yake saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa steji, kidole kimefungwa kitambaa, viatu vyote viwili nimevaa. Nyuma ya dereva, dirishani, kakaa mgeni. Nikasimama mlangoni, nikamtazama.